Kizibao Kisichofaa Harusini

Siku niliyomwona Bi Mkasi kwa mara ya kwanza, alikuwa amepiga magoti mbele ya katibu wa chama cha wawindaji, futi mkononi na pini mdomoni, akimwambia aachie tumbo. Katibu, ambaye ni mwenye bucha na mtu wa kujipenda, alikuwa amelivuta tumbo ndani mpaka uso umemwiva. Bi Mkasi alitoa pini mdomoni, akamweleza taratibu kwamba kizibao hiki ni nguo ya kwendea porini, na porini atalazimika kupumua. Wenzake walicheka. Katibu akaachia tumbo, na futi ikaongezeka sentimita tisa.

Sisi waswagaji tulikuwa tumekaa nje kwenye benchi, mlango uko wazi, tunaona kila kitu. Mswagaji ni mtu asiye na bunduki. Wenye bunduki hujipanga upande mmoja wa kichaka, sisi tunaingia upande wa pili na fimbo na makopo, tunapiga kelele ili nguruwe mwitu watoke wakakutane nao. Msimu ukifunguliwa, kazi hiyo ni kila Jumamosi, kwa sababu nguruwe wasipopunguzwa hakuna mkulima atakayevuna viazi wala mahindi. Siku nyingine nilifagia chumba cha chama na kufunga madirisha. Kati yetu watano mimi ndiye niliyekuwa mkimya zaidi, na waliniita Bwana Kimya. Watu walishangaa mkimya kufanya kazi ya kelele. Mimi naona ilinifaa, maana kopo lilipiga kelele kwa niaba yangu.

Bi Mkasi alipomaliza kuwapima wenye bunduki, wote kumi na wawili, alitoka mlangoni akatutazama. Akauliza hawa anawapima lini. Katibu akamjibu kwamba hao ni waswagaji tu, kitambaa ni cha wanachama.

"Kwani hao hawana vifua?" akasema. "Nani anaingia kichakani, na nani anabaki nje na bunduki? Yaani mnamvika rangi anayepiga, mnamwacha anayepigwa."

Alitupima watano wote palepale kwenye benchi. Zamu yangu ilipofika aliniuliza jina, nikajibu, sikusikika. Akauliza tena, sikusikika tena. Akaandika kipimo bila jina, akaenda zake.

Vizibao hivyo havikuwa wazo la chama. Mwaka uliotangulia, wilaya ya jirani, mtu alipigwa risasi ya paja na shemeji yake mwenyewe, wote wawili wamevaa nguo za rangi ya majani makavu. Ofisi ya wanyamapori ikatoa sharti: bila kizibao cha rangi ya chungwa kali, ile inayochoma macho, hakuna kibali cha kuwinda. Wanachama walinung'unika mwezi mzima. Walisema nguruwe watawaona tangu ng'ambo ya mto. Bi Mkasi alikuwa amesoma karatasi ya ofisi mpaka mstari wa mwisho, jambo ambalo wao hawakulifanya, akawaambia macho ya nguruwe hayaijui rangi hiyo, kwake ni kama majani tu. Kinachomkimbiza nguruwe ni harufu, na kwa mafuta anayojipaka katibu, nguruwe humnusa tangu anapofunga mlango wa nyumba yake.

Chumba chake cha kushonea kilikuwa kati ya kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli. Kilikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia, pasi ya mkaa na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Jina la Mkasi alipewa kwa sababu mbili, ya pili ikiwa ulimi. Kama mstari wa mshono umepinda kwa upana wa uzi, alifumua wote akaanza upya, hata kama mteja ameshika mlango analia kwamba sherehe imeanza. Hakuwahi kuruhusu nguo mbaya itoke mikononi mwake. Kumbuka hilo, maana ndilo lililotutia matatani.

Vizibao vya wanachama vilipokamilika, watu walisimama barabarani kuviangalia. Vilikuwa na kola iliyosimama, mifuko minne yenye vifungo, zipu ngumu, bitana ndani, na utepe unaong'aa kuzunguka kifua. Kushoto alidarizi nembo ya chama, kichwa cha nguruwe ndani ya duara la majani. Cha mwenyekiti kilidariziwa kwa uzi wa dhahabu, kwa sababu mwenyekiti alikuwa mume wake. Sisi waswagaji alitushonea kwa vipande vilivyobaki, kola hakuna, mfuko hakuna. Changu kilikuwa na kiraka begani.

Msimu ulifunguliwa. Afisa wa wanyamapori alitusubiri pale njia ya gari inapoishia, akakagua vibali, akakagua vizibao, akasifu, akapiga picha, akaondoka. Gari lake halijapotea kwenye kona, katibu akafungua zipu. Akavua kizibao, akakikung'uta, akalaza kola kwa ndani, akakitia kwenye mfuko wa plastiki. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Walisaidiana kukunja, huyu ameshika pembe hii na yule pembe ile, kama watu wanaokunja shuka la wageni. Nilidhani kuna hatari nisiyoijua. Kumbe watu wazima wenye wajukuu walikuwa wanaogopa miiba. Katibu alitueleza kwamba nguo nzuri namna ile ukiiingiza kichakani ni dhambi. Jumapili yake nilimwona nayo kwenye harusi ya mpwa wake, ua limebandikwa juu ya kichwa cha nguruwe.

Kwa hiyo porini tukawa na vizibao vitano tu, vya vipande. Wengine kumi na wawili walikuwa na rangi ya udongo kama zamani.

Mwenyekiti alikuwa mtu mwema. Nilimwita Mzee, naye aliniita kijana ingawa mvi zilikuwa zimeshanianza. Alikuwa amepasua mawe kwa baruti miaka thelathini, na baruti ilimlia masikio polepole mpaka yakabaki ya kuvalia miwani. Alijificha kwa ustadi mkubwa. Watu wakicheka, alicheka. Ukimuuliza kitu alisema "tutaona", na ajabu ni kwamba jibu hilo lilitosha karibu kila mara. Mimi nilijua kwa sababu ya filimbi, maana Mzee hakujipanga na wenzake, aliingia kichakani nasi na bunduki yake kuwangoja nguruwe wanaorudi. Kwenye chama chetu filimbi ndefu ilikuwa na maana moja: kila mtu asimame alipo, asitikise hata kidole, nguruwe wamerudi kati yetu. Kinachotikisika baada ya filimbi ndefu ni nguruwe, na mwenye bunduki ana ruhusa ya kupiga. Filimbi ikilia, Mzee aliendelea kutembea, na mimi nilimgusa kiwiko. Alisimama akakonyeza jicho, kana kwamba tulikuwa na mzaha wetu wawili.

Wiki ya pili ya msimu, Bi Mkasi alinikuta nafagia chumba cha chama. Alifunga mlango kwanza.

"Masikio ya mzee wangu yamekwisha," akasema. "Wewe unajua, nimekuona unavyomgusa. Ofisi ikijua watachukua bunduki ya marehemu baba yake, na mimi siwezi kuwa mtu wa kumchongea mume wangu. Lakini sitaki kuletewa mume kwenye machela. Wewe tembea karibu naye. Na kile kizibao kisitoke mwilini mwake. Asiyesikia, basi aonekane."

Niliitikia kwa kichwa. Ningesema palepale kwamba kizibao hakijawahi kukaa mwilini zaidi ya dakika kumi, mambo mengi yangeepukika. Lakini mimi maneno hunifikia yakiwa yamechelewa, na yalipofika yeye alikuwa ameshavuka barabara.

Kila Jumatatu aliniuliza. Nilipita kwake kurudisha kizibao changu kishonwe, maana kila wiki kilirudi kimechanika, naye alikishona bila kulalamika, akichomoa mbegu za nyasi moja moja na kuzitupa kwenye kopo. Akauliza, alivaa? Nikajibu kwamba alikuwa nacho. Hapo alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

Jumatatu ya tatu alikitoa kizibao cha mumewe nyuma ya mlango, akakiweka mezani karibu na changu. Akageuza bitana, akapitisha kidole kwenye mshono wa chini, akapindua mfuko. Akaniuliza kama nguo inaweza kukaa porini tangu alfajiri mpaka jioni isirudi na mbegu hata moja ya nyasi. Akaniuliza pia kama miiba ya kule ina ubaguzi, inamchana mswagaji na kumwacha mwenyekiti. Nilitazama kioo chenye ufa. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba amechoka, na kwamba kumwambia mzee wake jambo ni sawa na kuuambia ukuta, isipokuwa ukuta haujibu "naam, mke wangu" ukaendelea na mambo yake.

Alikuwa ameshajaribu kila njia. Alimwandikia kwenye karatasi, Mzee akaisoma, akaitumia kuwashia mkaa. Alishona kizibao kwenye koti lake la kahawia la kuwindia, Mzee akakifumua kwa wembe kwa uangalifu mkubwa asiharibu nembo. Alimfuata mpaka mwisho wa njia ya gari, akasimama mikono kiunoni, na wote kumi na wawili wakaingia kichakani wamevaa, kifua mbele. Alipogeuka kurudi, mifuko ya plastiki ikatoka. Mimi niliisikia ikichakarika nyuma yangu na sikugeuka.

Jumamosi ya tano tulikuwa kwenye mteremko chini ya mashamba ya viazi. Nyasi zilifika kifuani. Kati ya wapigaji kulikuwa na mwanachama mpya, mwuza dawa wa mtaa wa chini, kijana wa watu mwenye miwani na bunduki ambayo bado ilikuwa na karatasi ya dukani kwenye mkanda. Tulianza kuswaga. Nguruwe wawili walitokea, wakaona watu, wakageuka wakarudi kwetu. Katibu akapuliza filimbi ndefu.

Tulisimama sote. Upepo wenyewe ulikuwa umetulia. Mzee hakuwa karibu yangu. Alikuwa ametangulia kushuka, na nilichoona ni nyasi zikitikisika kwa mstari, hatua thelathini chini yangu, na kipande cha koti la kahawia kikitokea na kupotea. Kisha nikaona mtutu wa mwuza dawa ukifuata mstari ule. Ulikwenda nao taratibu, kama alivyofundishwa.

Nilifungua mdomo. Wengine husema katika hali kama hiyo sauti hutoka yenyewe. Yangu haikutoka. Kopo lilikuwa limeniponyoka mkononi, sijui lini. Basi nikakimbia. Nilivunja sheria ya filimbi, nikateremka kwenye nyasi moja kwa moja mpaka kati ya mtutu na lile koti, na kiraka changu begani na vipande vyangu vya rangi ya chungwa. Mwuza dawa aliiona rangi. Kidole kilikuwa kimeshaanza kuvuta, lakini aliwahi kuinua mtutu, na risasi ikapita juu ikakata tawi la mti. Majani yakamwangukia Mzee kofiani.

Mlio ule aliusikia. Aligeuka, akanitazama uso unang'aa kwa furaha.

"Amempata?"

Nikamwashiria kwamba bado.

Akanikemea kidogo kwa kuacha nafasi yangu, akaendelea kuteremka. Nilimshika kiwiko na sikukiachia tena. Mwuza dawa alikuwa amekaa chini, miwani mkononi. Wengine walimzunguka. Kabla ya saa sita walikuwa wamekubaliana mambo mawili: kwamba hakuna lililotokea, na kwamba Bi Mkasi asiambiwe hilo ambalo halikutokea.

Jumatatu nilimpelekea kizibao changu kama kawaida. Kilikuwa kimepasuka ubavu mzima. Alikigeuza, akaniuliza kama nilikimbizwa. Nikasema hapana, nilikimbia. Akauliza nilikimbilia nini. Basi nikamwambia. Nilimwambia filimbi, nyasi, mtutu, tawi, na "amempata". Nikamwambia na mifuko ya plastiki, tangu siku ya kwanza. Sikumbuki kama nimewahi kuongea muda mrefu vile mbele ya mtu, na nilipomaliza koo lilikuwa linawasha.

Mguu wake ulikuwa umesimama juu ya pedali. Kisha akainuka, akachukua kizibao cha mumewe nyuma ya mlango, akakilaza mezani, akachukua mkasi mkubwa. Alianza na kola. Akafuata mifuko, mmoja mmoja, yote minne. Akang'oa zipu. Nembo ya dhahabu aliizunguka kwa uangalifu, akaiweka pembeni kama mtu anayetoa mfupa wa samaki. Alikuwa anakata na kuongea, lakini si na mimi.

"Kosa ni langu," akasema. "Niliwashonea nguo ya harusi, nikategemea waende nayo miibani. Na wewe nilikushonea tambara, ukalivaa. Nimeshona miaka arobaini, jambo dogo kama hili sikuliona."

Wiki hiyo alituma habari kwamba vizibao vyote virudishwe aongeze utepe mwingine unaong'aa. Vikaletwa vimefuliwa na kupigwa pasi. Ijumaa jioni aliingia kwenye chumba cha chama na kikapu, akavimwaga mezani. Hakuna aliyevitambua. Vilikuwa vimepanuliwa kwa vipande pembeni, viweze kuvaliwa juu ya koti lolote. Pindo lilikuwa halijakunjwa, nyuzi zinaning'inia. Ubavuni vilifungwa kwa kamba. Utepe ulikuwa umebandikwa kwa mishono mikubwa kama ya gunia. Kichwa kiliingia kwenye tundu tu. Nilijua alivyoteseka kuvishona, kwa sababu nilimkuta Alhamisi anaanza kunyoosha mshono mmoja, akajikamata, akaupinda tena makusudi huku amekunja uso kama anayemeza kwinini.

Katibu alikiinua chake kwa vidole viwili. Alisema hawezi kukivaa hata zizini.

Bi Mkasi akamwambia zizini asikivae, hakuna anayempiga risasi zizini. Katibu akasema basi atakwenda kwa fundi mwingine.

"Nenda," akamjibu. "Mwambie akupime na sanda kabisa, usimsumbue mara mbili."

Wengine walianza kuongea kwa pamoja. Walisema chama kimedhalilishwa, walisema afisa atawacheka, walisema ajali ni ya mtu asiye makini na hapa wote ni makini. Mwuza dawa peke yake alikuwa amekwisha kuvaa chake, amekaa kwenye kona, anatazama sakafu. Mzee alikuwa ameiona nembo yake ya dhahabu kwenye kikapu. Aliichukua, akawa anaelekea nayo dirishani aitazame kwenye mwanga, mgongo umetuelekea sote.

Hapo Bi Mkasi akanyoosha mkono, akaivuta filimbi iliyoning'inia shingoni mwa katibu, akavuta pumzi, akaipuliza. Ndefu. Kinyozi wa jirani, nilimwona kupitia mlangoni, alisimama na wembe hewani.

Mazoea ni kitu cha ajabu. Watu kumi na mmoja waliganda kama nguzo, hakuna aliyetikisa kidole. Nami niliganda na ufagio. Mzee aliendelea kutembea mpaka dirishani, akaigeuza nembo, akaipangusa kwa kiganja.

"Haya," Bi Mkasi akasema, sauti ya chini. "Sheria yenu ni kwamba anayetikisika ndiye nguruwe. Nani anampiga?"

Mzee aligeuka kwa sababu alihisi kimya, nadhani, wasiosikia hukihisi kimya cha watu wengine. Alituona tulivyosimama. Akaona filimbi mkononi mwa mkewe. Nilimtazama uso wakati anaelewa, na natamani nisingemtazama. Bi Mkasi alimwendea, akamfungia kamba za kile kizibao kibaya, fundo mbili kila upande, akavuta kuhakikisha. Mzee aliinua mikono kama mtoto anayevishwa. Kisha akasema "tutaona", na kwa mara ya kwanza jibu hilo halikutosha.

Hakuongea na mkewe siku tatu. Siku ya nne alichukua bunduki ya baba yake akaipeleka ofisi ya wanyamapori kwa miguu yake mwenyewe, akawaambia masikio yamemchosha. Nilidhani ataacha kuja. Jumamosi alikuja, kamba zimefungwa fundo mbili, akaenda moja kwa moja kwa katibu akamnyang'anya filimbi. Alisema kupuliza hakuhitaji masikio. Tangu siku hiyo alisimama upande wetu sisi waswagaji bila bunduki, macho yake yalikuwa mazuri, na hapakuwa na mpuliza filimbi mzuri kama yeye.

Vizibao navyo havikuvuliwa tena. Nani angevitunza? Havikufaa harusini, havikufaa picha, miiba haikuwa na cha kuharibu. Watu walimtania Bi Mkasi barabarani kwamba amezeeka, mkono umepotea. Wateja wawili walihamisha vitambaa vyao. Aliniomba nikiulizwa nani alishona matambara yale niseme sijui, na kwa kuwa mimi ni mimi, hakuna aliyenibana zaidi.

Kila mwanzo wa msimu alivikagua. Jua huiua rangi ile. Misimu miwili ya kuanikwa, chungwa linakuwa rangi ya majani makavu, na mtu anatembea nalo akidhani amevaa kitu. Kwa hiyo alinituma nikitundike kizibao kwenye ukuta wa mwisho wa mtaa, hatua mia moja, naye akasimama mlangoni kwake. Kama ilimbidi akitafute, kilikwenda kuwa tambara la kufutia cherehani. Alifanya hivyo miaka saba. Mwaka wa nane alitupa vizibao vitano ambavyo mimi niliona vinawaka. Nikamwambia, mama, hiki bado. Akasema amekitafuta hakioni, na mimi nani amenifundisha ufundi. Mwaka wa tisa alitupa vyote. Hapo nikaelewa kwamba kilichopauka si kitambaa. Alikataa kupelekwa kwa daktari wa macho kwa hoja ambazo angezisema mume wake neno kwa neno, na nilimwambia hivyo. Alicheka sana, lakini hakwenda.

Mapafu ndiyo yalimlaza, si macho. Nilikwenda wodini Jumamosi, moja kwa moja kutoka porini, na mlangoni muuguzi akaniambia nivue lile tambara, hapa ni hospitali. Kwa kawaida ningevua, ningeomba na radhi. Siku ile nilipita nalo. Mzee alikuwa amefika kabla yangu, amesimama kimya miguuni pa kitanda, amenyolewa vizuri, ndani ya koti lake la kahawia lililopigwa pasi, ukuta wa kahawia nyuma yake. Kizibao alikiacha nyumbani kwa heshima ya hospitali. Alikuwa anamtazama mkewe, akimtabasamia, akisubiri kutabasamiwa.

Bi Mkasi aligeuza kichwa kunifuata nilivyokuwa napita kati ya vitanda. Nilipofika alishika pindo la kizibao changu, akapapasa mshono kwa kidole gumba, akakunja uso kwa ubaya wake. Kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo ya mwisho niliyoyasikia kwake:

"Wewe nimekuona tangu mlangoni. Mzee wangu umemwacha wapi?"